Kompyuta na Afya: Vumbi la Mang'ola Halichagui Mtu wala Mashine

Mwezi huu baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia kompyuta. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, lishe ya watoto na usafi wa maji. Lakini siku hizi mashine hii imeingia katika ofisi ya kijiji, ofisi ya parokia, zahanati, maduka ya pembejeo na ya stesheneri, na hata katika nyumba zetu, ambamo kijana aliyemaliza chuo amerudi na laptopu yake begani. Kitu kinachotumiwa saa sita au nane kwa siku hakiwezi kukosa kugusa afya ya anayekitumia.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, na miaka mingi ilipita kabla ya marufuku hiyo kuondolewa. Ndiyo maana wengi wetu wenye mvi tulikutana na kompyuta ukubwani. Tulifundishwa kubonyeza, lakini hatukufundishwa kuikalia.

Kwa upande wa Mang'ola kuna jambo moja tungependa familia zetu zilielewe vizuri. Mambo yanayoua kompyuta mapema huku bondeni ni vumbi, joto na umeme usiotulia. Na hayo hayo ndiyo yanayomwumiza mtu aliyeketi mbele yake. Kwa hiyo anayetunza mashine yake kwa akili, nusu ya kazi ya kutunza mwili wake ameshaifanya, tena kwa vitu vya bei ndogo: kitambaa, tofali, ndoo ya maji na sabuni.

VUMBI

Mang'ola ni bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, ambalo maji yake ni ya chumvi. Wakati wa kiangazi maji hupungua, sehemu kubwa ya ufuko hubaki wazi, na upepo ukivuma huinua vumbi. Ongeza hapo vumbi la malori yanayokuja kubeba vitunguu. Vumbi la namna hii likiingia ndani ya kompyuta hujikusanya juu ya feni na kuziba njia ya hewa. Mashine huanza kupata joto, feni inalia kama mashine ya kusaga, kisha kompyuta inajizima yenyewe. Mwenye mali hudhani amerogwa au ameuziwa bandia. Mara nyingi ni vumbi tu. Na likiwa na chumvi ndani yake, penye unyevu hula vyuma na waya taratibu.

Sasa mfikirie binti anayefanya kazi katika chumba hicho. Pua yake ndiyo feni yake. Anakohoa kila asubuhi, macho yanawasha, anayafikicha kwa vidole vilivyotoka kwenye kibodi ambayo wateja ishirini wameigusa. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, huambukizwa kwa mikono, kwa nguo za kujifutia na kwa inzi, na sehemu kavu zenye vumbi na uhaba wa maji ndizo zinazoathirika zaidi. Hatusemi kompyuta inaleta vikope. Tunasema kufikicha macho kwa mikono michafu ni tabia mbaya popote, na mbele ya kompyuta watu hufikicha macho zaidi kwa sababu yamechoka.

Yafaa basi kufanya hivi. Nyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia, au pangusa kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio mkavu. Fanya usafi kwanza, vumbi litulie, ndipo uwashe mashine. Jioni, ikishazimwa na kupoa, ifunike kwa kanga au shuka safi. Lakini ukiiwasha ondoa kabisa kifuniko, maana tumeona watu wanaoacha kitambaa cha kufumwa juu ya mashine inayofanya kazi kwa ajili ya urembo. Hiyo ni sawa na kumvalisha mgonjwa wa homa koti la baridi. Laptopu nayo isiwekwe juu ya godoro au mto, kwa sababu matundu yake ya hewa yako chini au ubavuni.

Kibodi isafishwe kila juma. Zima, chomoa waya, igeuze juu chini, ipige polepole kwa kiganja, kisha tumia brashi laini, kama ile ya rangi ambayo haijatumika. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisichuruzike. Usipulize kwa mdomo: mate yanaingia ndani na vumbi linarudi machoni mwako. Kufungua mashine na kusafisha feni ni kazi ya fundi, mara mbili kwa mwaka kwa mazingira ya Mang'ola.

MACHO

Malalamiko tunayoyasikia mara nyingi kuliko yote ni haya: "Kompyuta imeniharibu macho." Ni vema tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, maana watu wameacha kazi kwa sababu yake.

Mtu anapotazama kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida. Jicho lisipopepeswa hukauka, na katika hewa kavu yenye vumbi hukauka upesi zaidi. Ndipo linapowasha, linakuwa jekundu, na maandishi yanaonekana kama yana ukungu. Hali hii inachosha na inaudhi, lakini haipofushi. Dawa yake ni kupumzisha macho: kila baada ya dakika 20, inua kichwa, tazama kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese macho kwa makusudi. Sisi wa Mang'ola tumejaliwa Mlima Oldeani, utazame huo. Tena kioo kisielekee dirishani wala kisiwe na dirisha nyuma yake. Dirisha liwe ubavuni, ili mwanga wa jua, ambao huku ni mkali kweli kweli, usikupige usoni wala kung'aa juu ya kioo.

Lakini kuna jambo la pili ambalo ndilo kiini. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, jicho la kila binadamu hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Mkulima hagundui upesi, kwani jembe na shamba haviko karibu na uso. Katibu wa chama cha ushirika au wa parokia hugundua. Ghafla herufi zimefifia, anakosea tarakimu, magunia 68 yanaandikwa 63, na kamati inaanza kunong'ona kwamba mzee hawezi tena kazi, atafutwe kijana. Yeye mwenyewe analaumu kompyuta. La hasha! Huyo hajaharibiwa na kompyuta wala hajazeeka akili. Anahitaji miwani ya kusomea, basi. Amefanya hesabu za watu kwa uaminifu miaka kumi na tano, na anakaribia kupoteza kazi kwa kukosa vioo viwili.

Miwani ya kusomea hupatikana hata mnadani, na si sumu. Akiivaa mtu na kuona vizuri, imemsaidia. Hata hivyo tunashauri apimwe macho na mtaalamu walau mara moja, kwa sababu ipo presha ya macho, ambayo huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu, na hiyo muuza miwani wa mnadani hawezi kuigundua. Ulizeni hospitalini Karatu. Matatizo makubwa hupelekwa KCMC mjini Moshi, ambako kuna idara ya macho ya siku nyingi. Na wenye kamati, kabla ya kumwondoa katibu, mpeni kwanza nafasi ya kupimwa macho.

MGONGO, SHINGO NA MIKONO

Hapa hatutakawia. Meza nyingi zinazobeba kompyuta zilitengenezwa kwa ajili ya kulia chakula, na kiti cha plastiki ni kifupi mbele yake. Matokeo yake mabega hupanda hadi masikioni na shingo huinama mbele kama ya korongo. Weka mto imara juu ya kiti hadi viwiko vilingane na meza. Miguu ikining'inia, iwekee tofali mbili. Ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, na umbali uwe urefu wa mkono. Kwa laptopu, ambayo kioo na kibodi vimeshikamana, iinue juu ya vitabu na ununue kibodi ya pembeni. Ni gharama ndogo kuliko dawa za maumivu. Simama utembee kila nusu saa, hasa akina mama wajawazito na wenye kuvimba miguu. Ganzi ya vidole, hususan usiku, isipuuzwe: kuna mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono, nao hubanwa kwa kazi ya kurudiarudia.

Kuhusu watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza mwaka asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora. Kumnyamazisha mtoto kwa simu wakati mama anapika ni kama kumnyamazisha kwa peremende.

FLASHI NI KAMA SINDANO

Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka jinsi kurasa kama hizi zilivyosisitiza miaka ya tisini: sindano ya mtu mwingine usiitumie. Flashi nayo ni hivyo hivyo. Mwanafunzi anakuja stesheneri kuchapisha barua, flashi yake imepita kwenye mashine kumi. Ikichomekwa, virusi vya kompyuta vinahamia, na jioni katibu wa kikundi akileta flashi yenye hesabu za wanachama, anaondoka navyo. Kesho yake mafaili yote yamegeuka kuwa vijisanamu visivyofunguka.

Mwenye duka la stesheneri awe na mashine moja ya kupokelea flashi za wateja, yenye programu ya kuzuia virusi inayofanyiwa marekebisho, na mashine ya hesabu zake iwe nyingine. Asiye na mashine mbili aombe wateja watume kazi kwa baruapepe au kwa simu, naye asifungue faili asilolitarajia. Tena wajue kwamba Windows 10, ambayo bado iko katika mashine nyingi, ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini ni kama mtoto aliyeacha kliniki kabla ya kumaliza chanjo. Mwulizeni fundi kama mashine yenu inaweza kupokea toleo jipya.

Kumbukumbu muhimu ziwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika flashi au diski inayolala nyumba nyingine, ya tatu mbali kabisa, kwa mfano katika hifadhi ya mtandaoni. Vitabu vya karatasi, kama daftari la ubatizo au rejesta ya zahanati, visiachwe eti kwa sababu kompyuta ipo. Na kwa wenzetu wa zahanati: habari za mgonjwa ni siri. Neno la siri lisibandikwe ukutani, na kioo kisielekezwe kwenye benchi la wagonjwa. Hilo lilikuwa wajibu wa utu tangu zamani. Sasa kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

KOMPYUTA NDANI YA DUKA LA DAWA ZA VITUNGUU

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuhangaisha zaidi, na ambalo katika vitabu vya kompyuta halimo.

Kila mtu anajua kwamba Mang'ola ni vitunguu, na vitunguu ni maji ya mfereji na dawa ya kupulizia. Maduka ya pembejeo ni mengi. Siku hizi mengi yana kompyuta ya hesabu kaunta, na mengine huongeza kazi ya kuchapisha na kutoa kopi ili kuvuta wateja. Chumba ni kimoja, mlango mmoja, dirisha limezibwa kwa sababu ya vumbi na wezi. Nyuma ya binti anayechapa zimepangwa chupa za viuatilifu hadi darini, na nyingine zimefunguliwa ili kuuzwa kwa kupimiwa.

Baadhi ya dawa zinazotumika kuua wadudu wadogo wanaofyonza majani ya kitunguu ni za kundi la oganofosfati. Hizo humdhuru binadamu kwa njia ya pumzi, ngozi na mdomo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutokwa jasho na mate mengi, machozi, kichefuchefu, na kuona ukungu kwa sababu mboni za macho zimesinyaa. Tazameni tena orodha hiyo. Kichwa kuuma, machozi, kuona ukungu: ndiyo malalamiko ya mtu anayesema amechoshwa na kompyuta! Binti huyo atapewa likizo ya siku mbili, atapata nafuu, atarudi, na dalili zitarudi. Ataambiwa avae miwani. Tatizo haliko mbele yake. Liko nyuma ya kisogo chake.

Njia rahisi ya kupambanua ni kuuliza: je, nafuu huja nikipumzisha macho nikiwa hapa hapa ndani, au mpaka nitoke nje ya duka? Na je, mwenzangu anayeuza tu, asiyegusa kompyuta, anaumwa vile vile? Kama nafuu huja nje tu, au kama mwenzako naye anaumwa, nenda zahanati ueleze waziwazi kwamba unafanya kazi na viuatilifu. Mganga asipoambiwa hawezi kukisia.

Jambo la pili ni kibodi yenyewe. Mkulima anatoka shambani alikopulizia, hajanawa, anaingia, anabonyeza namba zake au anashika kipanya ili kuonyesha barua yake ilipo. Baada yake mchapaji anakula andazi mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kibodi. Hatuhitaji kueleza zaidi.

Tunashauri wenye maduka, kwa heshima lakini kwa mkazo: kazi ya kuchapisha itengwe na dawa, walau kwa ukuta na mlango wake. Dawa zisifunguliwe wala kupimiwa dukani. Pawe na ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, na mteja aombwe kunawa kabla ya kugusa chochote. Chakula na chai visiliwe kaunta. Vijana wajawazito au wanaonyonyesha wasiwekwe kazi humo kabisa. Wako watakaosema huu ni mzigo kwa biashara ndogo. Ndoo ya bomba haizidi faida ya gunia moja la kitunguu, hata lisiwe lumbesa.

Mtu akizidiwa na dawa, mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa, mwoshe mwili kwa maji mengi na sabuni, na mpeleke zahanati pamoja na chupa au lebo ya dawa. Msimpe maziwa wala kumtapisha. Maziwa si dawa ya sumu hizi, ingawa imani hiyo imeenea sana.

UMEME, BETRI NA JENERETA

Umeme ukikatika, chomoa waya wa kompyuta mara moja. Ukirudi, subiri dakika tano au kumi, kwani mara nyingi hurudi kwa nguvu isiyotulia, na hapo ndipo vifaa huungua. Wakati wa radi chomoa kabisa, pamoja na waya wa intaneti. Stabilaiza husaidia, pasi na jiko la umeme visichomekwe katika ekstensheni moja na kompyuta. Akipigwa mtu na umeme, usimshike kabla ya kuzima swichi kuu. Isipowezekana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

Wanaotumia umeme wa jua wenye betri za tindikali wasizilaze chumba wanacholala, kwani zikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Tindikali ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha hospitali. Betri ya laptopu au simu iliyovimba isitobolewe wala kutupwa katika shimo la taka linalochomwa. Iache kutumika, iwekwe nje mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto hadi ipelekwe kwa fundi.

Na jenereta. Umeme unakatika, wateja wamepanga foleni, mwenye duka anawasha jenereta ndogo ndani, mlango nusu wazi ili isiibwe. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Haina harufu wala rangi. Kichwa huanza kuuma, mtu anachoka, anapata kichefuchefu, anasinzia juu ya kibodi, na wenzake wanadhani amechoka na kazi. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na madirisha na milango, ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo kama wezi ndio hofu. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya chumba chenye jenereta au mkaa karibu, tokeni nje nyote papo hapo, zimeni baadaye, na aliyezidiwa apelekwe kituo cha afya hata kama ameanza kujisikia vizuri.